Ya Kale Si Dhahabu, Ni Chuma

Methali mbili zimeliharibu soko la baiskeli za mtumba. Ya kwanza inasema kipya kinyemi ingawa kidonda. Ya pili inasema ya kale ni dhahabu. Zinapingana, lakini zinamwibia mtu yuleyule: kijana mwenye mshahara mdogo, aliyechoka kulipa nauli ya daladala mara mbili kwa siku, ambaye sasa amesimama mbele ya baiskeli ya milimani ya chuma iliyotengenezwa kabla hajazaliwa, na hajui alipe ngapi.

Muumini wa methali ya kwanza anamwambia asiiguse. Haina springi mbele, haina breki za diski, rangi imekwaruzika. Kando yake ipo mpya, imejaa stika za radi na moto, ina springi mbele na nyuma, na bado ina nailoni za kiwandani. Muumini wa methali ya pili ametoka kwenye simu. Ameona baiskeli “kama hii hii” ikiuzwa Marekani kwa maelfu ya dola, basi anataka bei ya jumba la makumbusho kwa kitu kilichoshushwa kwenye kontena pamoja na magodoro.

Wote wawili wamekosea, na kosa lao ni moja: wanapima baiskeli kwa umri. Mmoja anautoza faini, mwingine anauabudu. Mimi nasema umri si bei. Thamani ya baiskeli ya chuma iliyotumika ni kazi iliyobaki ndani ya fremu, ukitoa gharama ya kuifanya itembee salama. Mengine yote ni maneno ya dalali.

Tuanze na wanaodharau mtumba, maana hao ndio wengi. Baiskeli ya milimani yenyewe ilizaliwa kwenye mtumba. Miaka ya 1970, katika kaunti ya Marin huko California, vijana walikuwa wakiokota baiskeli nzito za Schwinn za miaka ya 1930 na 1940, zile ambazo wenyewe walishazitupa, wakazipandisha milimani na kuteremka nazo kwenye njia ya vumbi. Tarehe 21 Oktoba 1976 wakaanza kushindana kwa saa. Njia hiyo waliiita Repack, kwa sababu breki ya nyuma iliyofungwa ndani ya habu ilikuwa inachemka mpaka grisi inaungua, na kila baada ya mteremko ilibidi ufungue habu upake grisi mpya. Mwaka 1977 mmoja wao, Joe Breeze, akaunda fremu mpya ya kromoli kwa kazi hiyo. Mwaka 1979 Gary Fisher na Charlie Kelly wakaanza kuuza baiskeli zenye fremu za Tom Ritchey. Mwaka 1981 kampuni ya Specialized ikaleta Stumpjumper, iliyotengenezwa Japani, kwa dola 750, na leo Stumpjumper moja imehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian.

Kwa hiyo anayecheka mtumba anacheka mwanzo wa kitu anachokitamani. Vijana wale hawakuchagua Schwinn kwa sababu ya stika. Waliangalia fremu ipi inastahimili kupigwa, wakaacha iliyobaki.

Sasa twende kwenye fremu, maana hapo ndipo pesa ilipo. Chuma si kimoja. Baiskeli nyingi za bei nafuu za miaka ya 1980 na 1990 ni za chuma cha kawaida, na ili kiwe imara lazima bomba liwe nene. Kromoli ni chuma kilichochanganywa na kromi na molibdeni. Ukiona namba 4130 kwenye stika, tarakimu mbili za kwanza zinataja familia hiyo, na 30 inamaanisha kaboni ya takriban asilimia 0.30. Kromoli haipindi kwa shida zaidi kuliko chuma kingine. Ugumu wake wa kupinda ni uleule. Faida yake ni nguvu: inabeba zaidi kabla ya kuharibika, kwa hiyo kiwanda kinaweza kutumia bomba jembamba na fremu ikawa nyepesi. Zilizo bora zaidi, kama za Tange ya Japani au Ritchey Logic, zina mabomba manene kwenye ncha, panapoungwa, na membamba katikati, pasipobeba sana.

Dalali atakuambia stika imebanduka. Sawa, usisome stika. Chomoa kiti, pamoja na bomba lake linaloingia kwenye fremu, usome kipenyo kilichogongwa juu yake. Bomba la fremu linalokipokea kiti, kwa baiskeli nyingi za chuma za zama hizo, lina milimita 28.6 kwa nje. Kama bomba la kiti ni 27.2, hesabu ni rahisi: ukuta wa fremu una milimita 0.7 kila upande. Hakuna anayetengeneza ukuta mwembamba namna hiyo kwa chuma hafifu. Kama ni 25.4, ukuta una milimita 1.6, na hapo umeshika baiskeli nzito ya kawaida. Haina dhambi, itakupeleka kazini. Ila usiilipie bei ya ile nyingine.

Kisha angalia midomo inayoshika ekseli ya nyuma. Ikiwa ni bati lililokatwa na kukunjwa, mtengenezaji alikuwa anabana matumizi. Ikiwa ni kipande kinene kilichofuliwa, chenye kishikio chake cha kibadilisha giya, alikuwa anajenga. Na kama kuna matundu madogo ya kufungia keria, ongeza bei kidogo, maana keria ndiyo inayobeba ndoo, mtoto na gunia.

Wanaotaka kujua mwaka nao wasihangaike. Vifaa vya Shimano vya zama hizo vina herufi mbili zilizogongwa mahali pa kujificha, kwa mfano nyuma ya mkono wa pedali. Ya kwanza ni mwaka, A ikiwa 1976. Ya pili ni mwezi, A ikiwa Januari. NG ni Julai 1989. Ni umri wa kifaa, si lazima uwe wa fremu, na hauongezi hata shilingi. Unakusaidia kumnyamazisha anayeapa kwamba baiskeli ni ya juzi tu.

Hapo muuzaji anakuja na hoja yake kubwa: “Bosi, giya ishirini na moja hizi! Mzungu alikuwa anaipanda Jumapili tu.” Fundi mmoja mzee wa mtaani kwetu alisikia maneno hayo akiwa ameinamia rimu, wala hakuinua kichwa. “Mwanangu,” alimwambia kijana aliyekuwa anataka kununua, “giya huzipandi. Unapanda fremu. Giya nitakubadilishia mimi.” Katika sentensi tatu fupi amesema ninachojaribu kukisema kwa kurasa.

Maana kila kitu kingine kwenye baiskeli kinachakaa na kinanunulika. Fremu ikishindwa, huna baiskeli. Ndiyo maana kasoro za kutisha ni zile zisizoonekana ukiwa umesimama. Pitisha kidole chini ya bomba la juu na bomba la chini, karibu na shingo. Ukihisi rangi imevimba au kukunjamana, baiskeli hiyo iligonga kitu uso kwa uso. Funga uzi kwenye mdomo mmoja wa ekseli ya nyuma, uzungushe shingoni, urudishe kwenye mdomo wa pili, kisha pima umbali kutoka uzi hadi bomba la kiti, kushoto na kulia. Vipimo vikilingana, fremu imenyooka. Uzi huo ni bei ya andazi na unaweza kukuokolea mshahara.

Sisi wa Pwani tuna adui mwingine, hewa ya chumvi. Kutu ya juu juu ni sura, msasa na rangi vinaitosha. Kutu ya ndani ndiyo inayokula ukuta wa milimita 0.7. Geuza baiskeli kichwa chini baada ya kuchomoa kiti. Kikitoka chembechembe cha kahawia kama majani ya chai, shusha bei au ondoka. Na kama bomba la kiti ni la alumini na limegoma kutoka, usikubali kuambiwa “litalegea tu.” Alumini na chuma vikikaa pamoja kwenye unyevu vinashikana, na wakati mwingine kuviachanisha kunaharibu kimoja.

Pima cheni pia. Sehemu kumi na mbili kamili za cheni mpya zina inchi 12 sawasawa. Zikizidi kwa sehemu moja ya nane ya inchi, cheni imekwisha, na huenda imeshakula meno ya nyuma pia. Soma ubavu wa tairi. Rimu ya baiskeli ya milimani ya zama zile ni 559, ile inayoitwa inchi 26. Lakini baiskeli za mjini zinazotoka Japani nazo zina inchi 26 za namba 590, na tairi la moja halikai kwenye rimu ya nyingine. Mwisho simama juu ya baiskeli, miguu yote miwili chini. Bomba la juu likikugusa, hiyo ni baiskeli nzuri ya mtu mwingine.

Sasa fanya hesabu, na hizi ni namba za mfano tu. Tuseme baiskeli kama hiyo, ikiwa tayari kutembea, mngekubaliana ni 350,000. Tairi na tyubu 70,000. Cheni na meno ya nyuma 40,000. Nyaya na mipira ya breki 15,000. Gololi, grisi na mkono wa fundi 35,000. Jumla 160,000. Bei yako ni 190,000, na kila unachotoa juu ya hapo unalipia hadithi. Muuzaji akisema “lakini ni kromoli,” mwambie umeshaihesabu kwenye ile 350,000.

Najua pingamizi. Utasema bei ni makubaliano, kila mtu mzima na pesa yake. Ni makubaliano pale wote wawili wanapojua kinachouzwa. Mmoja akijua na mwingine akibahatisha, jina lake si hilo. Utasema pia kwamba mfanyakazi hana muda wa kusoma vipenyo. Lakini tajiri akinunua vibaya ataweka baiskeli stoo. Mfanyakazi akinunua vibaya, kesho yake anarudi kituoni kusubiri daladala, safari hii bila akiba. Yeye ndiye hasa anayehitaji kujua.

Kwa waabudu wa ya kale nina neno moja. Mkusanyaji wa ng'ambo analipia uhalisi: vifaa vyote vya awali, jina la mtengenezaji adimu, rangi isiyoguswa. Kama unacho hicho na unamjua mnunuzi huyo, mtafute, akulipe. Kama huna, hiyo si bei yako. Bei inayohitaji mnunuzi aliye bahari ya pili ni ndoto yenye namba.

Na kwa waabudu wa kipya: uma wa springi wa bei ya chini ni uzito unaoyumba, na kila kiungo kilichoongezwa kwenye fremu ni mahali pengine pa kulegea. Zaidi ya hapo, alumini ya fremu haina kiwango cha mzigo ambacho chini yake haichoki kabisa. Kila mtikisiko unahesabiwa. Chuma kina kiwango hicho, na baiskeli iliyojengwa vizuri inaweza kuishi chini yake miaka mingi. Ikipasuka, fundi mwenye gesi na brasi anaweza kuiunga. Alumini ikichomelewa inapoteza nguvu iliyopewa kiwandani, na gereji ya mtaani haina tanuri la kuirudisha.

Jambo linaloniudhi kuliko yote hutokea pale baiskeli zilizokosa mnunuzi zinapofika kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kule hakuna methali, kuna mizani. Fremu nzito ya chuma hafifu inalipwa zaidi, kwa sababu ina kilo nyingi. Fremu ya kromoli, ambayo mtu fulani Japani aliipunguza kila gramu isiyo na kazi, inalipwa kidogo kwa sababu hiyo hiyo. Ustadi wote ule, kwenye mizani, unageuka hasara. Mizani haina kosa, imefanya kazi yake. Tuliokosa ni sisi tuliopita mbele ya baiskeli ile sokoni tukaona mikwaruzo tu.

Kwa hiyo kabla hujamlipa dalali, mlipe fundi. Mpe shikamoo yake, mpe na pesa ya soda na ya nusu saa yake, mwende naye sokoni, umwache achomoe kiti na afunge uzi. Muuzaji akikataa baiskeli yake isichomolewe kiti, ameshakutajia thamani yake. Mshukuru, mpite.