Maji Baridi Hayajui Ujasiri



Tarehe 11 Juni 1978 wavulana 27 na viongozi wao 4 waliondoka kwa mitumbwi minne katika Ziwa Timiskaming, nchini Kanada, mpakani mwa majimbo ya Ontario na Quebec. Walitoka katika shule ya Kianglikana iliyoamini kwamba taabu humjenga kijana, nao walikusudia kusafiri kuelekea kaskazini hadi James Bay. Siku hiyo hiyo ya kwanza mitumbwi ilipinduka. Walikufa wavulana 12 na mwalimu 1. Majaketi ya kuokoa maisha walikuwa wameyavaa. Kilichowashinda ni baridi ya maji.

Tunataka kukaa kidogo juu ya baridi hiyo, kwa sababu wengi wetu tuliokulia kando ya Bahari ya Hindi au Ziwa Viktoria hatuijui. Kwetu sisi, hofu juu ya mtu aliyeanguka majini ni kwamba huenda hajui kuogelea. Katika maziwa ya kaskazini hata mwogeleaji hodari hufa, tena pengine karibu na ukingo. Na vijana wa familia zetu wako huko siku hizi, masomoni na kazini, na siku ya jua hualikwa na wenzao kwenda kupiga makafi ziwani.

Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, ambaye kwa ajili ya utafiti amejitumbukiza mwenyewe mara nyingi katika maji ya barafu, hufundisha kipimo rahisi: dakika 1, dakika 10, saa 1. Katika dakika ya kwanza mwili hushtuka. Mtu huvuta pumzi kwa nguvu bila hiari yake, na wimbi likimpiga usoni wakati huo, maji huingia mapafuni. Kisha anazo kama dakika 10 tu ambazo mikono yake bado inamtii. Baada ya hapo hawezi kushika kamba wala kupanda tena chombo chake. Kupoteza fahamu kwa sababu ya kushuka kwa joto la mwili huja baadaye, yapata saa 1, kwa yule aliyebaki akielea. Jaketi, basi, halileti joto. Humvusha mtu ile dakika ya kwanza, likamwezesha kuwangoja waokoaji, kama wapo. Hesabu hii ni ya maji yanayokaribia kuganda, lakini hata maji ya nyuzi 10 au 12 hushtua mwili na kulegeza vidole.

Jua hudanganya. Mwezi Juni hewa ya Kanada yaweza kuwa ya joto, ilhali ziwa lenye kina kirefu bado lina baridi iliyobaki tangu barafu ilipoyeyuka. Upepo nao hudanganya zaidi. Ukivuma kutoka nchi kavu, maji ya ufukoni huonekana yametulia, kwa kuwa mawimbi huhitaji nafasi ili yakue. Anayeondoka hapo husukumwa kwa wepesi, akafurahi, na kila dakika anazidi kuyaendea mawimbi makubwa, huku njia ya kurudi ikimtaka apambane na upepo ule ule.

Upepo wa namna hiyo ulivuma Lyme Bay, kusini mwa Uingereza, tarehe 22 Machi 1993. Wanafunzi 8, mwalimu wao na wakufunzi 2 wa kituo cha michezo walitoka kwa kayaki kwa safari fupi ya kandokando ya pwani. Walisukumwa baharini, kayaki zikajaa maji, na msaada ukachelewa kuitwa. Wanafunzi 4 walikufa. Mwaka 1994 kampuni iliyoendesha kituo hicho ilitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, ikawa kampuni ya kwanza kuhukumiwa hivyo katika historia ya Uingereza, na mkurugenzi wake akafungwa. Ilibainika kwamba kabla ya ajali alikuwa amekwisha kuandikiwa barua ya kuonya juu ya usalama. Mwaka 1995 Bunge likatunga sheria ya kuvitaka vituo vya namna hiyo viwe na leseni.

Mbele ya majeneza ya watoto, sisi watu wa dini tuna haraka ya kusema, “Ni mapenzi ya Mungu.” Tunaomba pasiwe na haraka hiyo. Katekisimu (na. 2290) inawahesabia hatia nzito wanaohatarisha usalama wa wengine barabarani, baharini au angani kwa ulevi au kwa kupenda mwendo wa kasi, na hatuoni kwa nini kupenda sifa ya ushujaa kusamehewe. Bwana wetu mwenyewe, alipoambiwa ajitupe kutoka kinara cha hekalu, alikataa, wala hakuna aliyemwita mwoga.

Hatusemi vijana wafungiwe ndani. Kijana asiyewahi kulowa wala kuchoka huwa mzigo kwa jumuiya yake. Walezi wa seminari wanalijua hilo vizuri. Wala hatuna sababu ya kudhani kwamba viongozi wa Timiskaming hawakuwapenda wavulana wao. Lakini jasiri ni yule aliyeijua hatari akaikubali. Mvulana wa miaka 13 aliyepandishwa mtumbwini na mkubwa hawezi kuupima upepo. Yeye amemwamini mkubwa huyo, basi.

Kwa hiyo mzazi anayeombwa ruhusa na aulize mapema. Je, wamepima baridi ya maji, au wametazama jua tu? Je, watoto wamewahi kujizoeza, karibu na ufuko, kupindua mtumbwi na kuupanda tena? Je, watapita kandokando ya nchi kavu au watakata katikati? Nani aliyebaki nchi kavu anayejua saa ya kurudi? Na kiongozi naye apewe na wazazi wote, kabla ya siku yenyewe, ruhusa ya kusema “leo hatutoki”, hata kama basi limekwisha kulipwa na chakula kimekwisha kupakiwa.