Zumu ya Kweli na Zumu ya Kwenye Boksi: Soma Kabla Hujaweka Hela Kwenye Kamera za Zamani

Wiki hizi swali linalokuja sana ni hili: zile kamera ndogo za dijitali za miaka ya 2000 mwanzoni zimerudi mjini, vijana wanazitafuta, je, mtu mwenye duka dogo anunue? Kuna wanaotaka za kuuza, na kuna wanaotaka moja ya kupigia picha bidhaa zao za status. Majibu ninayoyaona ni "nunua tu, zinatoka". Mimi nasema taratibu. Kamera hizi zina kitu kimoja cha maana ambacho simu nyingi za bei ya kawaida hazina, nacho ni zumu ya kweli. Mengine yote ni gharama, na wengi wanaozinadi hata hiyo zumu yenyewe hawaijui.

Tusiongee hewani, nachukua moja kama mfano: Canon PowerShot A70. Ilitoka mwaka 2003. Ina megapikseli 3.2, kioo cha nyuma cha inchi 1.5 (kidogo kweli, ukubwa wa stempu kubwa), inatumia betri nne za AA na memori kadi ya aina ya CompactFlash. Ukimwonyesha kijana wa leo megapikseli 3.2 anacheka, maana simu yake imeandikwa 50. Asicheke haraka.

Shika kamera, iwashe, angalia maandishi kwenye duara la lenzi kwa mbele. A70 imeandikwa 5.4-16.2mm. Chukua namba kubwa gawa kwa ndogo: 16.2 kwa 5.4 unapata 3. Hiyo ndiyo zumu ya kweli, mara tatu. Vioo vya ndani vinasogea, kitu kinakuja karibu, na picha inabaki na pikseli zake zote, 2048 kwa 1536. Hesabu hii unaifanya kwenye kamera yoyote ya aina hii ukiwa umesimama palepale kwenye meza ya muuzaji, huhitaji boksi wala intaneti.

Sasa njoo kwenye maneno ya kuuzia. A70 inaweza kutajwa kama kamera ya zumu karibu mara 10, na si uongo wa moja kwa moja. Ni ile tatu ya lenzi ukizidisha na zumu ya kidijitali ya 3.2. Ila zumu ya kidijitali haivuti kitu. Inakata kipande cha katikati cha picha, halafu inakitanua kijaze nafasi. Piga hesabu: 2048 gawa kwa 3.2 ni 640. Kwa hiyo ukivuta mpaka mwisho kabisa, picha yako imetengenezwa na pikseli 640 kwa 480 zilizotanuliwa. Hiyo haifiki hata theluthi ya megapikseli moja. Ni kama kuchukua kanga, kukata kipande cha ukubwa wa leso, halafu kumwambia mteja ukikivuta vizuri kitamtosha kujifunga.

Kuna dada alikuja dukani kwangu kuchapisha picha za mahafali ya mdogo wake. Kamera yake ilikuwa ya aina nyingine, jina naliacha, aliuziwa mahali kwa maelezo kwamba "ina zumu kubwa, hata ukikaa nyuma ya ukumbi unampata mtu". Alikaa nyuma ya ukumbi. Akavuta mpaka mwisho. Picha karibu ishirini, zote mdogo wake ni madoa ya rangi amevaa joho, uso huuoni. Aliniuliza kama kuna programu ya kusafisha. Mahafali hayarudiwi, na aliyemuuzia hakumdanganya kwa neno hata moja, alisoma tu kilichoandikwa. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema "uza, mteja atajijua". Huyu dada hakumtaja kampuni aliyetengeneza. Alimtaja muuzaji, kwa jina, mbele ya foleni ya watu wa fotokopi.

Ukiuza kamera hizi, ingia kwenye menyu uizime zumu ya kidijitali kabla hujamkabidhi mteja. Ni dakika moja. Akivuta, itasimama pale lenzi inapoishia, na atajua mwenyewe asogee.

Kwa wale wa kupiga picha bidhaa, hapa ndipo mimi naitetea kamera hii. Lenzi kuu ya simu ni pana. Ili kiatu kijaze kioo lazima usogee karibu sana, na ukisogea karibu kiatu kinatoka na pua kubwa na kisigino kidogo, chupa inatoka imevimba shingo, sufuria inakuwa kama bakuli. Mteja anapokea mzigo anasema "sivyo nilivyoona kwenye picha", na ana haki. Ukikaa mbali kama mita moja na nusu, ukavuta lenzi mpaka mwisho wa zumu ya kweli, kiatu kinatoka na umbo lake. Siyo uchawi wa kampuni, ni umbali wako na kitu unachokipiga. Vitu vidogo kama hereni na vifungo, A70 ina alama ya ua, ukiibonyeza unaweza kusogea mpaka sentimita 5 bila kuvuta zumu. Na megapikseli 3.2 zinatosha kabisa kwa kazi hii, maana WhatsApp yenyewe inaibana picha yako kabla haijamfikia mtu. Hata ukitaka kuchapisha ile saizi ya kawaida ya albamu, inatoka safi. Bango la ukutani usijaribu.

Ila zumu ya kweli ina bei yake, na bei hiyo ni mwanga. Pale pale kwenye lenzi ya A70 pameandikwa 2.8-4.8. Maana yake ukiwa hujavuta, tundu la mwanga ni pana, na ukivuta mpaka mwisho linabana mpaka mwanga unaoingia unabaki kama theluthi moja ya ule wa mwanzo. Duka lako lina balbu moja na rafu mpaka darini, kamera italazimika kukaa wazi muda mrefu zaidi, mkono unatikisika, picha inatoka na ukungu. Haina kile kifaa cha ndani cha kutuliza mtikisiko kama kamera zilizokuja baadaye. Dawa yake ni ya kienyeji: peleka bidhaa mlangoni penye mwanga wa mchana lakini siyo juani, weka kamera juu ya stuli au gunia la mchele, washa ile ya kuhesabu sekunde ili usiiguse wakati inapiga. Flashi izime, inatengeneza doa jeupe kwenye kila kitu kinachong'aa. Flashi hiyo hiyo ndiyo vijana wanayoipenda kwenye sherehe, sura zinang'aa na nyuma giza. Sawa, ladha ya mtu, ila kwa kiatu cha ngozi haifai.

Kama unapiga bidhaa thelathini kwa siku na kila moja inatakiwa iwe kwenye status ndani ya nusu saa, usinunue hii kamera. Kutoa kadi, kutafuta kisomeo cha kadi, kuhamishia kwenye simu, muda wako umekwisha. Inamfaa mwenye bidhaa zinazokaa: viatu, mikoba, vyombo, samani, vitu ambavyo picha moja nzuri unaitumia mwezi mzima.

Kwenye betri watu wanapoteza hela pande zote mbili. Zile betri za bei chee tunazoweka kwenye saa ya ukutani ni saizi hiyo hiyo ya AA, zinaingia, lakini hazina nguvu ya kusukuma lenzi itoke, kuwasha kioo na kuchaji flashi. Kamera inawaka, inalia, inazima. Mnunuzi anasema mbovu. Muuzaji naye anaamini ni mbovu, anaitupa kwenye boksi la vipuri. Nenda sokoni na betri zako nne za kuchaji, aina ya NiMH, zimejaa. Usinunue na wala usikatae kabla hujaweka hizo. Ukiuza, uza pamoja na betri za kuchaji na chaja yake, weka kwenye bei, usimwache mteja akanunue za saa halafu arudi na uso wa ugomvi. Fungua pia mlango wa betri uangalie unga mweupe au kijani kwenye vyuma, na kama kufuli la mlango bado linashika.

Kadi nako angalia. CompactFlash huipati kwenye kibanda cha vocha, kwa hiyo kamera isiyokuja na kadi yake, kwangu mimi ni nusu ya kamera. Usidhani zinazotumia kadi za SD ndiyo salama. Kadi za SD za zaidi ya GB 2, zinazoitwa SDHC, utaratibu wake ulitoka mwaka 2006. Kamera nyingi za kabla ya hapo hazizisomi. Unamwekea mteja kadi mpya ya GB 32, kamera inasema kadi mbovu, na kadi ni nzima. Tafuta za GB 2 kurudi chini, ukizipata weka akiba. Kuna kamera nyingine zinatumia kadi za xD au SmartMedia, aina ambazo hazitengenezwi tena. Hizo mimi nazipita hata nikiambiwa nichukue kwa bei ya soda.

Sasa sisi tulioko pwani, Tanga, Dar, Mombasa, Zanzibar, hili ni letu hasa. Ndani ya kamera kuna kidude kinachopokea mwanga, mafundi wanakiita sensa (siyo ile ya kuhesabu watu). Oktoba 2005 kampuni kadhaa za kamera za Japani zilitangaza kwamba kuna sensa za miaka ile zenye hitilafu ya utengenezaji, na zikajitolea kutengeneza bure. Canon ilikuwemo, na A70 ilikuwa kwenye orodha yake. Dalili ni picha kupinda, kuingia mistari na rangi ya zambarau, au kioo kuwa cheusi kabisa wakati menyu inaonekana vizuri. Na walisema wazi kwamba tatizo linajitokeza zaidi kamera ikitumika au ikihifadhiwa penye joto na unyevu mwingi. Yaani hapa kwetu. Huduma hiyo ya bure ilikuwa ya wakati ule, leo usiitegemee. Kamera inaweza kuwa ilitengenezwa tayari kule ilikotoka, na inaweza kuwa haikuguswa, kwa nje huwezi kujua. Kinachobaki ni kupiga picha kumi na kuzikuza moja moja. Usiridhike na kuona imewaka.

Lenzi nayo isikilize kwa masikio. Iwashe na kuizima mara tano, vuta na rudisha zumu mara tano. Itoke kwa mlio mmoja laini. Ukisikia inasaga kama meno ya mtoto aliyelala, kuna mchanga au meno ya plastiki yamechoka. Kwenye Canon za kipindi hicho, lenzi ikikwama kioo kinaandika E18, na hapo zumu uliyoifuata ndiyo imekufa. Fundi anaweza kuifungua, lakini pima mfuko: kazi ya fundi kwenye kamera ya bei hii inameza faida yote, na ndani kuna kapasita ya flashi inayokaa na umeme hata betri zikiwa nje. Usijifunzie kwenye hiyo na bisibisi ya redio.

Mimi napanga bei hivi. Iliyowaka, sensa safi, lenzi laini, ina kadi na betri za kuchaji, naiuza bei kamili na nampa mteja siku saba za kurudisha. Nampigisha picha tatu dukani mwenyewe: moja bila kuvuta, moja zumu ya kweli mpaka mwisho, moja nimeiwasha kwa makusudi ile ya kidijitali. Tunaziangalia kwenye kompyuta pamoja. Asipoipenda anaondoka na hela yake, na wengine wameondoka kweli. Zile za jumla, boksi zima bila kujaribu, "chukua zote kaka nikufanyie bei", sichukui. Akiniruhusu kuweka betri zangu kwenye kila moja, tunaongea, na hizo ambazo hazijafunguka nazilipia kama vipuri. Akikataa, namwachia boksi lake.

Ukishazipata usizipange kwenye kabati la kioo linalopigwa na jua la saa nane. Kwangu ziko kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vifuko vidogo vya shanga vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na betri nimetoa zote.