Redio ya Lugha Yetu Si Lazima Iwe Redio Yetu

Ni bayana kwamba redio za lugha za kiasili zimetamalaki nchini Kenya. Hata hivyo, wingi wa vituo si wingi wa wamiliki. Royal Media Services pekee inamiliki Radio Citizen ya Kiswahili, Inooro ya Kikuyu, Ramogi ya Dholuo, Mulembe ya Kiluhya, Chamgei ya Kikalenjin na vituo vinginevyo. Mediamax nayo inamiliki Milele, Kameme na Emoo. Makao makuu ya kampuni zote mbili yako Nairobi.

Kwa hivyo, mkazi wa Pioneer hapa Eldoret anaweza kuisikia lugha yake hewani kutwa kucha, asisikie ni kwa nini mifereji ya mtaa wake imekauka. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Isitoshe, aliye mbali ndiye mwenye uamuzi. Mwaka wa 2016, Nation Media Group ilikifunga kituo chake cha Kiswahili, QFM, pamoja na Nation FM. Uamuzi mmoja wa kampuni ulitosha kuinyamazisha sauti iliyosikika katika miji mingi.

Wapo watakaopinga, wakikumbusha kuwa Tume ya Waki ya mwaka wa 2008 ilipokea ushahidi kuhusu uchochezi katika redio za lugha za kiasili. Hoja hiyo ni nzito, hasa hapa Uasin Gishu tulikozika watu. Lakini kosa halikuwa ukaribu wa redio na wasikilizaji wake. Kila jamii ilizungumza peke yake, na jirani hakuelewa anayosemwa. Redio ya mtaa inayotumia Kiswahili husikilizwa na majirani wote kwa pamoja. Naye mtangazaji anajua kwamba kesho atakutana sokoni na yule aliyemtaja.

Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya inatambua utangazaji wa kijamii kando na ule wa kibiashara. Mlango, basi, u wazi. Kinachohitajika ni fedha, ambazo serikali ya kaunti inaweza kuchangia bila kudai kuhariri taarifa, na watu wanaoimudu lugha. Hao wa pili wamo katika madarasa yetu. Idara za Kiswahili zinaonaje kuhesabu kazi ya mwanafunzi katika redio ya kijamii kuwa sehemu ya mafunzo yake?