Barua ya Wazi kwa Serikali za Kaunti za Kisii na Nyamira Kuhusu Nyumba Kuukuu za Mjini

Kwa Waheshimiwa Magavana, pamoja na mawaziri wa kaunti wanaosimamia ardhi, nyumba na mipango ya miji,

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika Nyamira, na kwa kuwa Kisii ilikuwa na watu wapatao 958 katika kila kilomita ya mraba, shamba la urithi limegawanywa hadi baadhi ya ndugu wanabaki na vipande visivyotosha boma na migomba kwa pamoja. Mwalimu au mchuuzi aliyekosa pa kujenga kijijini huelekeza macho mjini, na nyumba aliyo karibu kuimudu huko ni ya mstari, yaani moja kati ya nyumba zilizoshikana ubavu kwa ubavu chini ya paa moja la mabati, ambapo ukuta mmoja hubeba nyumba mbili.

Nyumba kuukuu za namna hiyo zina kasoro zisizofichika: bati limeota kutu, mfereji ni mmoja uani na ndoo hupangwa foleni alfajiri, na fundi akigonga ukuta wa pamoja, lipu iliyoachana na tofali huitika kama debe tupu. Hata hivyo ziko karibu na soko, stendi na shule, na ukarabati wake unaweza kufanywa kidogokidogo kadiri mapato yanavyoruhusu, jambo ambalo mnunuzi wa kipato cha chini hulithamini kuliko lifti.

Kikwazo kikubwa ni hati, kwa maana mstari mzima ukiwa na hati moja, anayeweza kuununua ni tajiri mwenye fedha za ploti yote, naye mara nyingi huona faida katika kubomoa na kupandisha ghorofa. Sheria ya Mali za Sehemu ya mwaka 2020 inaruhusu jengo kugawanywa ili kila sehemu iwe na hati yake, lakini ikiwa ardhi imekodishwa, yaani imetolewa kwa muda maalumu, ni lazima muda uliobaki usipungue miaka 21. Kwa ploti za zamani, sharti hilo huweza kufunga mlango kabla mnunuzi hajabisha, ingawa kifungu cha 13 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinampa raia aliyekuwa mmiliki haki ya kufikiriwa kwanza muda unapokwisha.

Kuna pia suala la haki. Mfanyakazi wa Kisii hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, na anayenunua nyumba ya kwanza chini ya mpango huo husamehewa ushuru wa stempu, ambao ni malipo ya serikali wakati mali inapobadilisha mikono. Lakini akinunua nyumba kuukuu nje ya mpango, iwe katikati ya mji wa Kisii au Nyamira, hutozwa asilimia 4. Ushuru huo uko mikononi mwa serikali ya kitaifa, na ndiyo sababu sauti ya kaunti mbili kwa pamoja inahitajika.

Yaliyo ndani ya uwezo wa kaunti yanaweza kuanzia Keroka, mji ulioketi mpakani mwa kaunti hizo mbili: wapimaji wa pande zote wapite mstari kwa mstari, waandike miaka iliyobaki katika kila hati, na orodha hiyo ibandikwe katika ofisi za ardhi ili mpangaji ajue, kabla ploti haijauzwa, kama nyumba anayoishi inaweza kuwa yake.