Nusu siku na faru wa Nairobi
Hivi wewe mkaazi wa Nairobi, mara ya mwisho uliingia mbugani lini? Ukiwa shule ya msingi, sivyo? Mbuga ya Taifa ya Nairobi ilianzishwa 1946, na haiko mbali na katikati ya jiji. Ingia alfajiri na mwongozaji anayeijua. Saa sita mchana ushaona faru na umerudi mjini.

Ila usiishie kupiga picha ya twiga na maghorofa nyuma yake. Mwombe akupeleke kusini. Pande nyingine zina ua; huko ndiko wanyama hupita kwenda Kitengela, ambako ardhi inakatwakatwa ploti. Njia hiyo ikizibwa, jamani, mbuga itageuka zizi. Nani atalipa kiingilio kutazama zizi?