Mboga kwa bei ya salam
Mboga nyingi za Kariakoo na Ilala hulimwa mbali, Mgeta na Lushoto, na kila dalali huongeza chake. Za karibu, za bonde la Msimbazi, baadhi humwagiliwa maji machafu.

Familia za msikiti mmoja zaweza kuchanga na kumlipa mkulima kabla ya mavuno. Hiyo ni salam, ambayo Mtume (s.a.w.) aliikuta Madina katika tende, akaamuru kipimo, uzani na muda vijulikane. Bei hulipwa yote siku ya mkataba.

Ila wanazuoni wengi hawaruhusu kuuziana hivyo mazao ya shamba moja lililotajwa, maana huenda lisizae. Basi andikeni kilo za karoti, sifa zake na tarehe. Mkulima akikosa kwake, akanunue kwa jirani awaletee.