Kuacha Mashine si Sawa na Kuua

Mzazi anapozidiwa hospitalini, maneno ya nyumbani huwa makali. Daktari anaeleza kwamba mashine ya kupumulia haimponyi tena mgonjwa, inarefusha tu saa za kufa kwake. Mtoto mmoja anasema, "Tumwachie Mungu." Mwingine anajibu, "Mkimtoa kwenye mashine mmemwua." Baada ya mazishi neno hilo hubaki, na ndugu hawasalimiani tena. Wapo wanaouza hata shamba ili tu wasiitwe wauaji.

Ndugu wasomaji, je, ni kweli kwamba mambo hayo mawili ni sawa? Mama Kanisa anajibu: hapana.

Tarehe 24 Novemba 1957 Papa Pio XII aliwafundisha madaktari kwamba tuna wajibu wa kutunza uhai kwa njia za kawaida, yaani zile zisizomtwika mgonjwa wala jamaa zake mzigo mkubwa mno. Mwaka 1980 Tamko la Kanisa kuhusu eutanasia lilieleza namna ya kupima: tuangalie ugumu wa tiba, hatari zake, gharama zake, na faida inayotarajiwa kwa mgonjwa huyu mwenyewe. Kifo kikiwa kimekaribia na hakizuiliki, tiba inayorefusha mateso tu yaweza kuachwa kwa dhamiri safi. Yohane Paulo II aliyarudia mafundisho hayo katika waraka wake "Evangelium Vitae" wa mwaka 1995. Anayeacha tiba ya namna hiyo hamwui mgonjwa. Ugonjwa ndio unaoua. Yeye anakubali tu kwamba binadamu hufa.

Lakini tusigeuze mafundisho haya kuwa kisingizio. Wengine hudhani dhambi ipo pale tu mtu anapochoma sindano ya kuua. La! Tamko hilohilo linasema eutanasia yaweza kuwa tendo, na yaweza kuwa kutotenda, ikiwa shabaha ni kuleta kifo ili kumaliza maumivu. Mzee mwenye nimonia inayotibika kwa dawa za kawaida, dawa zipo na uwezo upo, akiachwa kitandani kwa sababu "amekula chumvi nyingi", hapo hatukumgusa, na bado tunahesabiwa damu yake. Kadhalika chakula na maji: mwaka 2004 Yohane Paulo II alieleza kwamba hata vikipitishwa kwa mpira, kimsingi ni matunzo ya kawaida, maadamu vinamfaa mgonjwa.

Basi kipimo ni nia yetu, pamoja na uzito wa tiba ukilinganishwa na faida yake. Ndiyo maana hata mofini isiogopwe. Mwezi Februari 1957 Pio XII alikubali dawa ya kutuliza maumivu makali hata kama yaweza kufupisha maisha, mradi shabaha ni kutuliza, si kuua, na hakuna njia nyingine.

Kwa maoni yangu, familia zizungumze mapema, kabla ya usiku wa hatari. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Kwa uji, sawa. Kwa mashine na upasuaji mkubwa, aulizwe angali na akili timamu. Daktari naye aulizwe wazi: Tiba hii itamponya? Itampunguzia mateso? Itamletea mzigo gani? Padre aitwe mapema kwa Mpako wa Wagonjwa, asingojewe hadi pumzi ya mwisho.

Tiba ikiachwa, mgonjwa asiachwe. Aoshwe, ageuzwe, aloweshwe midomo, ashikwe mkono, asaliwe. Na yule aliyekubali mashine izimwe, baada ya kupima mambo haya kwa unyofu mbele ya Mungu, asiitwe muuaji msibani. Neno hilo ni uongo juu yake, nalo laweza kuvunja nyumba nzima.